Nataka kuhamia Lushoto na mama yangu, wenyeji naomba ukweli wa baridi na gharama za maisha

Fundi_Tabata
Habari zenu wakuu. Mi naishi Dar na mama yangu mzazi, amevuka 70, na joto la huku linamtesa sana hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, usiku halali anajipepea tu na kanga. Mwezi wa pili tulienda Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, kwenye harusi ya ndugu akapapenda mno, toka turudi anaongelea hukohuko. Mi ni fundi cherehani kwa hiyo kazi naweza kubeba popote. Naomba wanaoishi kule waniambie, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikoje kwa mtu mzima? Maisha ni nafuu kweli kama watu wanavyosema au ni maneno ya wageni wa siku mbili? Afu mama ana swali lake, kasikia Lushoto Wajerumani waliifanya mji mkuu, anataka kujua kama ni kweli na kabla ya hao Wajerumani palikuwaje. Natanguliza shukrani.

MamaSalma_Magamba
Karibu sana mdogo wangu, na mama mpe shikamoo yake. Mmekuja mwezi wa pili, huo ndo mwezi mzuri kuliko yote, mchana jua, nyuzi 25 hivi, usiku shuka moja na blanketi basi. Msiamue kwa huo. Njooni tena mwezi wa saba mlale hata wiki nzima ndo mtajua. Kuanzia wa sita hadi wa nane usiku inashuka mpaka kwenye nyuzi 10 na kuna siku chini ya hapo, asubuhi ukungu umekaa mpaka saa nne humuoni jirani yako, na huku kwetu Magamba ni juu zaidi ya mjini kwa hiyo sisi ni baridi zaidi, mjini Lushoto ni kama mita 1,400 na sisi tumepanda juu yake tena.

Ila baridi yenyewe mtu anazoea, sweta na soksi vinatosha na mitumba Jumapili sokoni ni mingi. Kinachosumbua watu wazima ni unyevu. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, unafua nguo Jumatatu Alhamisi bado ina majimaji, viatu vya ngozi ukiviacha chini ya kitanda vinaota kuvu nyeupe, chumvi inayeyuka koponi. Kwa hiyo ukitafuta nyumba usiangalie bei kwanza, angalia imekaa upande gani. Nyumba iliyopo bondeni chini ya miti au ile ambayo mlima umeikinga na jua la asubuhi usiichukue hata ukipewa bure, mama ataumwa kifua. Tafuta iliyo mgongoni mwa kilima, sakafu ya saruji, dari lipo, madirisha ya vioo siyo ya wavu mtupu kama ya Dar.

Na nakuomba sana jambo moja, usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani mkalala nalo mlango umefungwa. Watu wanakufa hivyo, ile gesi ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki. Pasha maji weka kwenye chupa umuwekee miguuni, inatosha kabisa.

Njiapanda_Mombo
Kwenye gharama ngoja niseme mimi maana hiyo barabara ya Mombo kwenda Lushoto ndo ofisi yangu, nashusha mboga.

Bei za Lushoto zote unaweza kuzielewa ukiangalia kilomita 33 za ile barabara. Kinachoshuka ni rahisi, kinachopanda ni ghali. Kabichi, karoti, viazi mviringo, hoho, maharage, ndizi, plamu na peasi msimu wake, hivi unanunua kwa bei ambayo ukirudi Dar utaona aibu kununua sokoni. Kuna siku nyanya zikiwa nyingi mkulima anakuachia kwa bei ya hasara kabisa kwa sababu Fuso zimejaa na kesho zitaoza. Lakini saruji, bati, mafuta ya kula, sukari, mchele, samaki, gesi ya kupikia, vyote vimepanda mlima kwa hiyo weka nauli juu yake. Dagaa wa Tanga akifika Lushoto siyo bei ya Tanga tena. Mchele nenda kanunue Mombo kwenye mashamba ya mpunga ya huku chini, panda nao.

Afu masika hiyo barabara udongo unaporomoka, hasa kipande cha kabla hujafika Soni, mawe yanakaa katikati ya njia, ikifungwa hata nusu siku tu bei zinageuka pande zote mbili, huku chini mboga zinaadimika na kule juu petroli ya bodaboda inapanda. Kwa hiyo ukihamia weka akiba ndani ya vitu vya dukani kabla ya mwezi wa tatu.

Kodi ya nyumba ni nafuu, hilo sikufichi, mitaa ya kawaida ya mjini unapata vyumba viwili kwa hela ambayo Dar unapewa chumba kimoja cha kuchangia choo. Kazi ya cherehani iko, sare za shule na nguo za harusi, ila ujue hela ya wateja wako inafuata mavuno, miezi ya mboga kupata bei watu wanashona, bei ikianguka wanakaa na nguo zao za zamani. Na hili linaniuma na nitalisema kila mahali, mkulima wa huku anauza kwa lumbesa, gunia linajazwa mpaka linafungwa kilemba juu, analipwa gunia moja wakati ametoa karibu moja na nusu. Ukisikia Lushoto viazi ni rahisi ujue kuna mtu kabeba hiyo tofauti mgongoni.

Mwl_Mstaafu_Soni
Mwanangu, mwambie mama yako swali lake ni zuri na jibu ni hapana. Makao makuu ya Wajerumani yalikuwa Bagamoyo, yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Hapa waliita Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, wakapafanya makao ya wilaya na mahali pa maofisa na masetla kupumzika wakikimbia joto na malaria ya pwani. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Mombo 1905, ndipo kupanda huku kukawa rahisi. Kule Shume walikata miti ya mitarakwa wakaishusha kwa waya mpaka stesheni ya Mkumbara, na kule Kwai walikuwa na shamba la majaribio ya mifugo na mazao. Mwaka 1916 Waingereza wakapachukua vitani, na jina la Lushoto ndilo limebaki.

Lakini asiishie hapo maana historia ya huku haikuanza na Wajerumani. Mji wa heshima ulikuwa Vuga, siyo mbali na hapa Soni. Wazee wanasimulia Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, aliwagawia watu nyama, akaua simba, wakamfanya mfalme, cheo chake kikawa Simba Mwene, na uzao wake ndio Wakilindi. Mkubwa wao ni Kimweri ye Nyumbai aliyefariki 1862, enzi yake ilishuka mpaka karibu na pwani, na mmisionari Krapf alipanda kumtembelea 1848 na tena 1852. Mfalme wa Washambaa, wenyeji wa milima hii, aliheshimiwa kwa mvua. Mvua ikinyesha vizuri watu walisema nchi imepona, ikikosekana walisema ugomvi wa watawala umeiharibu. Mpaka leo mkulima wa huku anahesabu mwaka kwa mvua zake, masika, vuli, na kamvua kadogo ka katikati wanakokaita mluati.

Na Waingereza nao baada ya vita ya pili, kuanzia 1946 kule Mlalo, walilazimisha watu kuchimba matuta mashambani kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, milima hii ni mikali, lakini matuta yalikula nguvu za kina mama wenye vishamba vidogo na watu waliogopa kunyang'anywa ardhi. Waligoma mpaka mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Ninalieleza hili kwa sababu mgeni akija akaona shamba limesimama kama ukuta huwa anasema wenyeji hawajui kulima, wakati familia imegawana eka moja vizazi vitatu. Ukitaka kununua kiwanja uende taratibu, ukae na ukoo mzima na serikali ya kijiji, siyo kijana mmoja mwenye haraka ya hela.

Fundi_Tabata
Nashukuruni sana, mwalimu shikamoo, mama nimemsomea yote kakaa kimya kwenye habari ya Kimweri kanifanya nirudie mara mbili. Nina swali moja limebaki, matibabu. Ana presha, anahitaji kliniki kila mwezi. Na mbu je?

MamaSalma_Magamba
Hospitali ya wilaya ipo pale mjini Lushoto na Bumbuli kuna ya Walutheri ya siku nyingi, kliniki ya presha siyo tatizo. Tatizo ni ukipewa rufaa, kushuka zile kona na mgonjwa mpaka Mombo halafu Tanga au hospitali ya rufaa ya KCMC Moshi ni safari ndefu, kwa hiyo kaa mjini, usimpeleke mama kijijini Mtae eti kwa sababu mandhari ni nzuri.

Mbu wapo wachache kuliko huko kwenu ila beba chandarua, siku hizi malaria inapanda mlima. Na panya mchunge, mahindi usiweke chumba cha kulala, sisi huku tulipata tauni mwaka 1980 na iliendelea kuzukazuka vijijini zaidi ya miaka 20, watu wazima wa Lushoto mpaka leo wakiona panya kafa ndani hawamshiki kwa mkono, wanaita bwana afya.

Mwl_Mstaafu_Soni
Marahaba mwanangu. Mkija mwezi wa saba kama alivyoshauri huyu mama, shukeni Soni, nitawapeleka Vuga wenyewe. Mama avae viatu vya kufunga maana njia ni ya utelezi.

Njiapanda_Mombo
Na ukipita Mombo niulize bei ya mchele kabla hujapanda.