Tupeane uzoefu: kutoka Mombasa hadi Amu (Lamu), mlisimama wapi?

Mzaliwa wa Malindi

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Barabara ya Mombasa nimeipita tangu utotoni, lakini kwa miaka mingi niliijua kwa dirisha la matatu tu. Gede, penye magofu ya mji wa kale, kwangu palikuwa mahali makanga anapogonga bati ili abiria wa Watamu washuke. Mwaka jana khalati yangu, dada yake mama, anayeishi Nakuru alikuja kututembelea, na usiku wa kwanza akauliza, "Mji ule wa msituni uko mbali?" Nikamwambia hauko mbali. Sikuweza kumwambia kwamba sijawahi kuingia.

Tulifika asubuhi kabla jua halijakaza. Kuta za matumbawe zimesimama katikati ya miti, kima wanaruka juu ya kilichokuwa msikiti mkuu, na ukinyamaza husikii gari hata moja. Mwongozaji akatupeleka kwenye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lakini kilichotushika zaidi ni nyumba. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo 1948, alizipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Khalati ni fundi cherehani. Alisimama kwenye Nyumba ya Mkasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu alikuwa mwenzangu." Karne ya 17 mji ulikuwa umeshaachwa, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji ya visima kushuka. Ukichungulia vile visima waamini. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, nami nilifurahi kama mtu aliyeposewa binti yake.

Basi naomba kila mmoja atoe chake. Si lazima pawe mahali pa watalii. Mlisimama wapi, na mliona nini?

Wa Mtwapa

Mimi nitakuwa mfupi. Watu wakisikia Mtwapa wanafikiria nyama choma na muziki. Kabla ya kuendelea na safari, ingieni magofu ya Jumba la Mtwana, hapo hapo kando ya bahari. Pana kaburi lenye maandishi ya Qur'ani: kila nafsi itaonja mauti. Nilimpeleka mwanangu wa darasa la saba, akaisoma ile aya mwenyewe kutoka kwenye jiwe, herufi kwa herufi. Sijapata kumwona ametulia vile.

Babu wa Kilifi

Mwanangu wa Malindi, umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa utingo wa lori zama za feri. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo, ukifika ukingoni unashuka, unapanga foleni, unangoja. Kina mama wanakuja na korosho, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu. Siku nyingine foleni inakula nusu ya siku.

Ndiyo iliyonifanya niijue Mnarani. Dereva akishalala, mimi nilikuwa napanda huko juu kwenye magofu: misikiti, makaburi ya nguzo, mibuyu mikubwa, na chini mkono wa bahari unang'aa. Nilikuwa sijui historia yake hata kidogo. Nilikuwa napenda upepo wake tu. Siku hizi daraja lavukwa mara moja, na mtu hajui kwamba amepita juu ya kitu. Mwezi wa nane nilikwenda na mjukuu wangu. Ngazi zilinishinda katikati, akanishika mkono, tukafika. Upepo ni ule ule.

Kijana wa Mida

Shikamoo babu. Mimi nasema la maji tu, kwa sababu nimeona wageni wengi wakirudi wamenuna. Watu hupanga safari ya pwani kwa saa ya mkononi, wakasahau maji kujaa na kupwa. Kwetu Mida, mkono wa bahari karibu na Watamu, maji yakijaa utaendesha mtumbwi katikati ya mikoko. Yakipwa utaona ndege kwenye matope, wengine wamekuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ni sehemu mbili tofauti mahali pamoja. Siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa tena saa kumi jioni. Kariri hilo, litakufaa hadi Lamu.

Na kwa wanaotaka kuogelea juu ya matumbawe: njooni wakati wa kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, bahari inapokuwa shwari na maji maangavu. Kusi, upepo wa kusini, likishaingia, bahari yachafuka. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zipo tangu 1968, na samaki wa ndani wameshajua kwamba hawavuliwi. Wanakusogelea.

Mama Watatu, Malindi

Naongezea: mvua za bara zikiwa kubwa, mto Sabaki hushusha udongo mwingi na bahari ya Malindi mjini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Msikasirike. Nendeni Watamu.

Langu mimi ni Marafa, lile bonde la mmomonyoko. Mara ya kwanza tulifika saa saba mchana, watoto wakalia kwa joto, nikaona ni shimo jeupe tu. Jirani yangu Mgiriama akanisikia nikilalamika, akaniambia, "Dada, Nyari haiendewi mchana." Nyari ndilo jina lao, mahali palipovunjika penyewe. Tukarudi mwezi uliofuata, saa kumi na moja jioni. Jua likishuka, zile kuta zilizochongwa na mvua na upepo zikawa nyekundu, kisha chungwa, kisha kama zambarau. Mwongozaji akawasimulia watoto hadithi ya wazee: palikuwa na familia tajiri mno, wakawa wanaoga kwa maziwa wakati majirani hawana hata ya kunywa, ardhi ikawameza. Wekundu ni damu yao, weupe ni maziwa. Mtoto wangu mdogo wa miaka mitano hajamwaga maziwa tena tangu siku hiyo.

Mkirudi, piteni Mambrui mwone kaburi la nguzo lililopambwa mabakuli ya Kichina. Dakika kumi zatosha.

Dereva wa Mokowe

Nalisha watoto kwa barabara hii, Malindi–Lamu. Zamani Garsen hadi Mokowe ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, tulilala njiani mara nyingi. Sasa ni lami. Bado nawaomba: safirini mchana, kila mtu awe na kitambulisho, na kwenye vizuizi punguzeni mwendo, msalimie. Mafuta jazeni Malindi.

Abiria wangu wengi husinzia baada ya Gongoni, ambako vilima vya chumvi vyameta kando ya barabara. Mimi huwaamsha. Upande wa Ngomeni, baharini, kuna mitambo ya San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, nayo ikaitwa Uhuru. Ilikwenda kupima miale ya eksirei angani. Mzee mmoja mvuvi nilimpakia akaniambia siku ya kurusha waliambiwa wasiingie baharini, wakakaa ufukweni kutazama moto ukipanda. Jina la Kiswahili lilifika juu kule kutoka kwetu. Hilo nalisema kila safari.

Bint Shela

Karibuni Amu, ndooni. Gari mwaliacha Mokowe, mwavuka kwa mashua, na kutoka hapo ni miguu na punda. Ngome, vichochoro na milango ya kuchonga mtaviona wenyewe, sina haja ya kusema. Mimi nataka mwende kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda.

Takwa iliachwa karne ya 17, na wazee wetu wanasema ndiko watu wa Shela walikotoka. Msikiti wake una nguzo juu ya kibla, na nje kuna kaburi la nguzo ambako watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua ya mvua. Nilikwenda mara ya kwanza na nyanya yangu, nikiwa na miaka tisa, kwa jahazi dogo la ami yangu. Njiani mwapita mkono mwembamba wa mikoko. Nyanya alishuka amevaa buibui lake, akaenda moja kwa moja kaburini kama mtu anayeingia kwao, akasalimia. Nikamuuliza anamsalimia nani. Akanijibu, "Wenye nyumba."

Mzaliwa wa Malindi

Bint Shela, khalati anarudi mwezi ujao na nimeshamsomea haya. Tukija siku za bamvua, tutapita kwenye huo mkono wa mikoko?

Bint Shela

Mtapita. Maji hujaa saa kumi, kwa hivyo ondokeni Shela saa nane mchana na mtoke Takwa kabla ya saa kumi na moja, yasije yakawapwea huko. Leteni maji ya kunywa. Na mwambieni khalati avae viatu vya kulowa.