Naomba ushauri: huyu papa wa gemu la E.V.O. anapigwaje?

Wakuu habari, nipo Kirumba Mwanza, nacheza lile gemu la zamani la Super Nintendo, E.V.O.: Search for Eden la 1992, kwa emuleta (programu ya kuchezea magemu ya zamani) kwenye simu. Unaanza ukiwa samaki, unakula nyama ya wenzako unapata pointi, hizo ndo unanunulia taya, mapezi, mkia mpaka baadae unatoka nchi kavu. Sasa papa bosi (adui mkuu) wa bahari ya kwanza ananing'ata balaa, na nikifa nusu ya pointi inaenda na maji. Nianze na taya au mwili? Maana ukibadili kiungo uhai unajaa upya, je nibane pointi nibadilishie katikati ya pambano? Dogo wangu anacheka tu eti hata sangara ana akili kunizidi. Wazoefu njooni