Namba ya 0844 ya GP: nani amewahi kurudishiwa hela?

Mama Salha
Asalaam aleikum wana Tanga. Nipo Chumbageni tangu Ijumaa, namuuguza mama. Jana nimepiga kwa GP wangu, yaani daktari wa mtaani, kule Leicester Uingereza, kuahirisha kipimo cha damu, kwa laini ya kule kule. Namba yao inaanza na 0844, zile zenye ada ya ziada. Nikaambiwa niko wa 9 kwenye foleni, nikapigiwa kinanda dakika 22, simu ikakata. Nimekatwa pauni 41! Hela hii nadai wapi? Na namba yao ya kawaida naipataje?

Ami wa Raskazone
Pole bibie. Haramu hiyo. Namba za 084 zimepigwa marufuku kwa GP tangu Aprili 2010. Waandikie PALS, dawati la kusaidia wagonjwa.

Mjukuu wa Pongwe
Ami, shikamoo, lakini PALS ni ya hospitali. GP unamlalamikia kwa meneja wake, au ICB, bodi ya afya ya eneo lake. Na 084 yenyewe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni mgonjwa kulipa zaidi ya simu ya kawaida, na kwenye mwanya huo ndipo ma-GP walipojificha miaka.

Ami wa Raskazone
Marahaba. Mie nimeishi na 0844 wewe uko chekechea. "Bonyeza 1, bonyeza 2", na salio linateremka.

Bi Mkubwa Reading
Kwani 111, ya ushauri wa afya Uingereza, huijui shoga? Bure kabisa.

Mjukuu wa Pongwe
111 ukiwa Chumbageni? Someni swali jamani.

Fundi Luton
Tusiwasingizie. Ada ya 0844 haizidi peni 7 kwa dakika, kampuni ya simu ndiyo inaongeza yake juu. 22 mara 7 ni pauni 1 na peni 54. Iliyobaki ni roming, dada, si GP. Waambie waweke namba ya 03, hiyo bure.

Mjukuu wa Pongwe
03 SI BURE. Bei yake ni ya 01 na 02, inakula dakika za kifurushi.

Fundi Luton
Haya mwalimu.

Bi Mkubwa Reading
Mie kinachoniuma ni IHS, ada ya afya tunayolipa na viza. Pauni 1,035 kwa mwaka, kichwa kimoja cha mtu mzima, nina vichwa vinne. Nishalipia daktari kabla sijaumwa, halafu nilipie na kumsikiliza akiniwekea kinanda! Nyumbani 199 ya Wizara ya Afya unapiga bure.

Ami wa Raskazone
Na hospitali ya Bombo hupigi simu. Unapanda bodaboda, unakaa benchi, upepo wa bahari unakupuliza, ukiitwa umeshapata nusu ya uzima.

Fundi Luton
Umeshapata na umbea wa Ngamiani yote. Ami, mara ya mwisho umekaa benchi lile lini?

Ami wa Raskazone
1998. Usinichokoze.

Mama Salha
Ahsanteni. Huyo meneja nampigiaje, kwa 0844 hiyo hiyo?

Bi Mkubwa Reading
Shoga, begi lako limebaki kilo ngapi? Ng'onda mbili tu, na mkate wa mofa. Uufunge vizuri.