Msaada: mpini wa mbao au wa mpira kwa bastola ndogo ya silinda?

Kimya_Kingi: Wakuu habari zenu. Nina bastola ya silinda, .38, ya risasi tano, mtutu mfupi kama kidole, haifiki nusu kilo. Kibali ninacho. Naibeba kiunoni ndani ya shati, sasa huu mpini wa mpira unang'ang'ania nguo, nikiinama na kuinuka shati linabaki juu na siri yote nje. Nataka kuweka wa mbao. Na risasi je, kali au laini? Nimekwama, usingizi sipati.

FundiSilinda: Mbao inateleza chini ya nguo, hilo kweli. Ila kuna ile inayoacha chuma cha nyuma wazi, kila ukifyatua kinakugonga hapo kati ya gumba na kidole cha shahada. Mkono wako ukoje?

Mzee_Filimbi: Kijana, mlinzi ni Mungu. Mimi natembea na filimbi.

Binti_Shaba: Naweka zile za kichwa bapa za kupigia shabaha ya karatasi, gramu 9.6. Zenye tundu kichwani, kwa mtutu mfupi hivyo, mara nyingi hazipati kasi ya kutanuka, na tundu likijaa nguo ndo kabisa. Kali nilimpa kaka yangu ajaribu. Alipiga moja, akanirudishia bastola, akasema anaenda kunywa maji. Hajarudi.

Nimekaa_Pale: Ngoja wajuzi waje.

FundiSilinda: Mleta uzi, nimeuliza mkono.

Kimya_Kingi: Mzima tu. Gumba lilifanyiwa upasuaji mwaka jana, ila linakunja. Halafu mpini wa mbao nimeshalipia, ule mwembamba, chuma wazi. Na magnum, zile risasi kali, nimeshajaribu, si mbaya. Mbili zilitoka, ya tatu silinda ikagoma kuzunguka.

Binti_Shaba: Kumbe ulishaamua! Sasa unatuuliza nini?

Kobe_Mstaafu: Hii chai. Umesema .38. Ganda la .357 Magnum lilirefushwa zaidi ya milimita 3 makusudi lisiingie humo, silinda haifungi. Hizo mbili ulipiga ndotoni?

Mzee_Filimbi: Na sukari hakuna.

Kimya_Kingi: Sijatunga jamani. Aliyeniuzia alisema .38. Ngoja.

Kimya_Kingi: Nimetoa risasi, nimeisogeza kwenye taa. Ubavuni mwa mtutu pameandikwa 357 MAGNUM. Miezi minane ninayo, sijawahi kupasoma.

Kobe_Mstaafu: Mh. Chai naifuta.

FundiSilinda: Ndo maana iligoma. Bastola nyepesi ikiruka kwa nguvu, risasi zilizobaki ndani zinachomoka kidogo kwenye maganda, kichwa kinatokeza mbele ya silinda, inakwama. Tumia .38, humo zinaingia bila shida. Mpini wa mpira uache hapo hapo, shati vaa pana. Na huo mwembamba ukifika, rudisha.

Kimya_Kingi: Ulifika asubuhi, nimeshaufunga. Ila ni mzuri, muuone tu.