Kijana aliyetutengenezea mfumo wa bili za maji amehama na nywila zote. Tufanyeje?

Katibu_Mlimani (Vihiga)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo kabla ya kikao cha kamati Jumamosi, maana huko kuna watu wameshanoa mapanga.

Mimi ni katibu wa mradi wa maji wa kijamii huku kwetu, upande wa Chavakali. Nimeingia kwenye uchaguzi uliopita; kamati iliyotutangulia ilikaa miaka mingi. Tuna chemchemi, pampu, tangi juu ya kilima, na wanachama wanaosomewa mita kila mwezi na kutumiwa bili kwa simu. Mambo yote ya bili yalitengenezwa na kijana mmoja wa hapa hapa, mpwa wa mwenyekiti aliyeondoka. Alikuwa amemaliza chuo, hana kazi, akaombwa "asaidie kidogo".

Kazi aliifanya, siwezi kumnyima haki yake. Kabla yake bili zilikuwa za daftari na kila mwisho wa mwezi ni kelele: "Mimi sijatumia maji hayo yote!" Yeye akaweka usomaji wa mita kwenye Google Sheets, akaunganisha na huduma ya kutuma SMS kwa wingi, akafungua tovuti yenye jina la .or.ke na kikundi cha WhatsApp cha wanachama. Mtu akilalamika, unamwonyesha mita yake ilisoma nini mwezi uliopita na mwezi huu, anaenda zake.

Sasa amepata kazi Nairobi, ya zamu ya usiku, na ndipo tukaona kwamba kila kitu kiko kwa jina lake. Barua pepe ni yake. Tovuti imesajiliwa kwa barua pepe hiyo hiyo. Laini inayopokea namba za kuthibitisha ni yake. Nikitaka kutuma bili, mfumo unaniomba zile namba sita zilizoingia kwenye simu yake. Nampigia, amelala. Nampigia tena, anaamka, ananisomea kwa sauti ya usingizi, nakosea tarakimu moja, muda unaisha. Tunaanza upya. Bili za mwezi uliopita zilichelewa kwa sababu hiyo tu, na watu wakalipa wanavyotaka.

Nilimwomba atukabidhi. Akasema hana neno, ila alipwe 45,000 kwanza, maana miaka yote alikuwa akipewa pesa ya bando tu. Kamati imegawanyika. Mweka hazina anasema hiyo ni kututeka nyara, twende polisi. Wazee wengine wanasema tuachane na mitandao, turudi kwa daftari. Kisheria tuko wapi? Na nianzie wapi bila kuzima mradi?

---

Shemeji_wa_Majengo

45,000 kwa miaka yote hiyo? Huyo kijana ni mtakatifu. Mlipeni haraka kabla hajauliza bei za huko Nairobi.

---

FundiMitambo (Nakuru)

Katibu, mambo ya pesa waachie kamati kwanza. Leo leo, kabla hujalala, toa nakala. Usimtishe mtu, usibadilishe nywila yoyote, usimtoe kwenye kikundi. Nakala kwanza.

Kama una ruhusa ya kuhariri hilo jedwali, ingia kwa akaunti yako, fungua menyu ya Faili, utengeneze nakala. Hiyo mpya itakuwa mali ya akaunti yako. Kisha pakua nyingine ya Excel uiweke kwenye flashi. Jua tu kwamba nakala haibebi historia ya mabadiliko. Nani aliandika nini Machi mwaka juzi inabaki kwenye jedwali lake. Kwa mradi wenye ugomvi wa bili, historia hiyo ni ushahidi, kwa hiyo baadaye mwombe akuhamishie umiliki wa jedwali lenyewe. Google inaruhusu: yeye anatuma ombi, upande wenu unakubali, kwisha.

Kama SMS aliziunganisha kwa skripti (maagizo ya kompyuta yanayofanya kazi yenyewe) iliyo ndani ya jedwali, skripti itahama na nakala, lakini itaomba ruhusa upya, na ile ratiba ya kujiendesha yenyewe haihami. Kwa hiyo ukiona nakala iko kimya mwisho wa mwezi, usidhani amewaroga.

Jina la tovuti ni suala lingine. Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, lakini mnanunua kupitia wakala. Tafuta jina lenu kwenye WHOIS ya KeNIC, yaani orodha ya majina yaliyosajiliwa, uone wakala ni nani na linaisha lini. Watu hulipia jina la tovuti kila mwaka wakidhani kulipa ndiko kumiliki. Mwenye jina ni yule aliyeandikwa.

---

Mzee_wa_Leja

Mimi nimekuwa karani wa ushirika tangu enzi za kalamu ya wino. Karani akiondoka, kulikuwa na siku ya makabidhiano: funguo za sanduku, vitabu vya risiti vimehesabiwa, muhuri, mwenyekiti na mashahidi wanatia sahihi. Leo mnaandikiwa mfumo mzima na mtoto wa dada ya mtu, hata karatasi moja hakuna.

Na msidharau daftari. Julai 2023 eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa mtandaoni, hata kununua tokeni za stima kulikuwa taabu. Aliyeweka vitu vyake kwenye karatasi aliendelea.

---

Nyar_Kano (Kisumu)

Mzee, hapo kwa makabidhiano nakubaliana na wewe kabisa. Kurudi kwa daftari nakataa. Daftari nalo huondoka na mtu. Nimefanya hesabu za vikundi vingi huku Ahero na Katito, na nimeona leja ikikaa chini ya kitanda cha mweka hazina aliyekasirika kwa mwaka mzima.

Katibu, mnachanganya vitu viwili. Kuna deni, na kuna mali ya mradi. Orodha ya wanachama na usomaji wa mita ni mali ya mradi hata kama kijana hakulipwa shilingi. Lakini jasho lake ni deni hata kama ana nywila au hana. Kamati ikikaa na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba inamtambua kwa kazi aliyofanya, na kiasi fulani kitalipwa kwa awamu, utaona ugumu wote unalainika. Watu wengi wa namna yake hawataki 45,000. Wanataka mtu mmoja aseme mbele ya kikao kwamba ile ilikuwa kazi.

Swali langu dogo: Paybill, ile namba ya M-Pesa ya kupokea malipo, iko kwa nani?

---

SheriaMtaani

Mimi si wakili wenu, chukueni kama maoni.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ina kipengele kinachomtaka mfanyakazi arudishe nywila na ruhusa zote za mifumo ya mwajiri mara tu ajira inapokwisha, na adhabu yake ni faini isiyozidi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Mweka hazina wenu akisikia hapo atafurahi. Lakini sheria inasema mfanyakazi. Mkifika kituoni, swali la kwanza ni barua ya ajira iko wapi. Mtatoa nini, risiti za bando? Na mkisema alikuwa mfanyakazi, jiandaeni kuulizwa mshahara wake ulienda wapi.

Halafu hao polisi mnaotaka kuwaita wanaweza kuwageukia. Majina, namba za simu na matumizi ya maji ya wanachama ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wenye wajibu ni ninyi kamati. Kijana alikuwa akiwafanyia kazi hiyo, na sheria inataka mtu kama huyo awe na mkataba wa maandishi nanyi. Mkataba hamna. Data hiyo ikivuja leo kwa namna ya kuhatarisha wanachama, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na hamwezi hata kusema imevuja kutoka wapi.

Kaeni chini na mtoto wa watu.

---

Katibu_Mlimani

Asanteni sana, kwa kweli.

Fundi, nimetoa nakala jana usiku na flashi iko kwenye sanduku la mradi. Skripti ipo, na imeomba ruhusa kama ulivyosema.

Nyar_Kano, umenigusa pabaya. Paybill iko kwa mweka hazina. Yeye pekee ndiye msimamizi, anaingia kwa simu yake, na nywila ameiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kitabu cha risiti. Kitabu chenyewe huwa mezani watu wakija kulipa.

---

Shemeji_wa_Majengo

Kumbe anayetaka polisi ndiye ameshika sanduku lenyewe! 😂 Jumamosi niwekeeni kiti nyuma.

---

Nyar_Kano

Nilijua. Ndiyo maana nikauliza.

Katibu, usimshambulie mweka hazina kikaoni, hutafika popote. Peleka hoja moja ya jumla: kila akaunti ya mradi iwe na watu wawili, na iandikwe kwa jina la ofisi. Ikianza na Paybill au ikianza na WhatsApp, ni sheria ile ile, hakuna aliyelengwa. Kwenye Paybill hakikisheni anayeanzisha malipo ya kutoa pesa siye anayeyaidhinisha. Kikundi chetu kimoja kilipobadilisha wasimamizi kiliombwa barua ya ofisi, kumbukumbu za mkutano na nakala za vitambulisho, kwa hiyo Jumamosi andikeni azimio hilo vizuri, lisije likarudishwa.

Na ile nywila ya kalamu nyekundu ibadilishwe kabla ya kikao, si baada.

---

Mzee_wa_Leja

Nywila za ofisi andikeni kwenye karatasi, itieni kwenye bahasha, watu wawili watie sahihi juu ya gundi, kama bahasha za mtihani. Ikifunguliwa, iandikwe nani kafungua na kwa nini. Hilo halihitaji intaneti.

---

FundiMitambo

Mzee, hapo umetushinda vijana. Mimi hutumia programu ya kutunza nywila, lakini kwa kamati ya wazee bahasha itafanya kazi vizuri zaidi.

Katibu, ukikutana na kijana, njia iwe hii: mfungue barua pepe mpya ya ofisi, isiyo na jina la mtu. Yeye ahamishe jedwali huko, amwandikie wakala wa tovuti abadilishe mmiliki, awaingize wasimamizi wapya kwenye kikundi na kwenye huduma ya SMS. Mjaribu kutuma bili moja kwa simu yako, yeye akiwa hewani. Ikifika bila kumwomba namba sita, basi. Ndipo aondolewe, kwa shukrani.

---

Katibu_Mlimani

Nimeongea naye leo mchana alipoamka. Nilipomwambia kazi yake itaandikwa kwenye kumbukumbu, sauti ilibadilika. Amesema atahamisha jedwali wikendi hii hata kabla ya pesa. Hiyo 45,000 bado anaitaka, na mimi nitamtetea.

Swali la mwisho: laini ya kupokea hizo namba, tusajili kwa jina la nani? Mwenyekiti anataka iwe kwa jina lake.

---

FundiMitambo

Hapana. Mtarudi hapa miaka mitatu ijayo na uzi huu huu. Laini inaweza kusajiliwa kwa jina la shirika. Nendeni na cheti cha usajili wa mradi na vitambulisho vya viongozi. Iwekeni kwenye simu ndogo ya kubonyeza inayokaa ofisini, wala si mfukoni mwa mtu. Na muwe mnaitia kredito na kuitumia, kwa sababu laini ikikaa bure muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Hapo bili zenu zitakuwa zinaidhinishwa na mtu wa Lodwar asiyewajua.