Vikokotoo vya muda wa ndege Bangkok–Singapore vinaponza watu, acheni kuvitumia

Wakuu, salamu. Hili limezidi. Kila anayeuliza Bangkok hadi Singapore ni muda gani, anarushiwa picha ya kikokotoo cha mtandaoni: "saa moja na dakika 40". Si kweli, na watu wanakata tiketi za kuunganisha kwa kutegemea namba hiyo.

Kikokotoo kinachukua mstari mnyoofu kutoka Suvarnabhumi (uwanja wa Bangkok) hadi Changi (uwanja wa Singapore), takriban kilomita 1,415, kinagawanya kwa 850 kwa saa, basi. Lakini 850 ni mwendo wa ndege ikishafika juu. Kuna kusukumwa kutoka getini, kutembea ardhini, foleni ya kuruka, kupanda, kisha upande wa Changi waongozaji wanazipanga ndege kabla ya kutua, na kutembea tena hadi geti. Alasiri mawingu ya radi yakisimama njiani, rubani anayazunguka. Ndiyo maana ratiba zinaandika kama masaa 2 na dakika 25, geti hadi geti.

Kuala Lumpur–Singapore ndiyo inayowaumbua kabisa. Ni kilomita kama 300, kwa hesabu yao dakika 21! Ratiba zinaweka zaidi ya saa nzima, maana ndege haijakaa sawa angani inaanza kushuka.

Kinachoudhi zaidi ni saa za nchi. Singapore iko mbele ya Bangkok kwa saa moja. Ukiondoka Bangkok saa 4:00 asubuhi, unafika Singapore saa 7:25 mchana kwa saa za huko. Ukirudi, ukiondoka Singapore saa 4:00 asubuhi, unafika Bangkok saa 5:25. Mtu anatoa moja kwa moja anapata 3:25 kwenda na 1:25 kurudi, halafu anakuja kutuambia ni upepo. Upepo gani? Njia hiyo inakwenda kusini-kaskazini, upepo mkubwa wa huko juu mara nyingi unapiga ubavuni. Muda ni karibu uleule kwenda na kurudi. Tiketi huandika saa za mahali husika, kwa hiyo badilisha kwanza, ndipo utoe.

Maili nazo! Safari hiyo ni maili 880 za nchi kavu au 765 za baharini, ambazo ndizo za marubani. Anayechukua 765 na kuzidisha kwa 1.609 anapata kilomita 1,231, na zaidi ya kilomita 180 zimepotea. Za baharini zidisha kwa 1.852.

Halafu Bangkok ina viwanja viwili. BKK ni Suvarnabhumi, DMK ni Don Mueang, na ndege nyingi za bei nafuu zinaondokea DMK. Angani tofauti ni kilomita 30 hivi, haina neno. Shida iko barabarani: foleni za Bangkok zinaweza kula saa nzima au zaidi. Anayetoka Nairobi akashuka BKK huku tiketi ya pili, iliyokatwa kando, ikiondokea DMK, anapita uhamiaji wa Thailand (viza iangaliwe mapema), anachukua begi, anavuka jiji, na kaunta ya mizigo inafungwa dakika 45 hadi 60 kabla ya ndege kuondoka. Chini ya masaa 6 kati ya kutua na kuruka, msimshauri mtu akate tiketi hiyo.