Fundi kachonga silinda za Honda CB350 yangu bila kupima pistoni, injini imenoki kilomita 11 tu!!!

Wakuu nawasalimu, samahanini uzi utakuwa mrefu ila nina hasira za siku nne na nisipoandika nitapasuka.

Nina Honda CB350 ya 1971, ile ya silinda mbili, cc 325. Nilipoipata haikuwa pikipiki, ilikuwa fremu na maboksi matatu ya vyuma vilivyochanganywa, nati za injini zimelala pamoja na za madigadi. Mimi si fundi wa kuajiriwa, kazi yangu ni nyingine kabisa, hii naifanya jioni na wikiendi, nimejifunza kwa kufungua, kukosea, kufungua tena na kusoma kitabu cha ufundi mpaka kurasa zimeloa oili. Mwaka na nusu nimeshinda na hiyo mashine. Mwaka na nusu! Halafu mtu mmoja mwenye mashine ya kuchonga, anayejiita mtaalamu, ameiua kwa kazi ya siku moja kwa sababu alikuwa mvivu wa kushika mikrometa, kile kipimo cha mkono kinachosoma sehemu ya mia ya milimita.

Ngoja nianze mwanzo ili mtu asije akaniambia nilikurupuka.

Injini ilikuwa imeshapita kwenye mikono mingi kabla yangu. Skrubu za kava za pembeni zote vichwa vimelika, kwa sababu watu wanazifungua na bisibisi ya nyota ya kawaida, wakati skrubu za Kijapani za miaka ile msalaba wake una umbo lake, nyingi zina kidoti kidogo kichwani kukuonyesha, ukiingiza bisibisi isiyo yake inapanda juu na kukwangua. Nne nimezitoboa kwa drili kuzitoa. Ndani nikakuta silikoni nyekundu imejazwa kila mahali palipotakiwa gaskiti ya karatasi, na minyoo ya hiyo silikoni imekatika na kuingia kwenye njia za oili. Jamani silikoni kwenye injini ambayo oili inapanda juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, kupitia vishimo vyembamba! Nilitumia wikiendi mbili na waya mwembamba na petroli kuzibua tu. Hapo hata sijalalamika, nikasema sawa, ya kale yamepita, mimi nitafanya vizuri.

Na nilifanya vizuri. Kabureta zote mbili nilizifungua, zile Keihin zina mpira mwembamba juu ya slaidi, ukichanika hata tundu la sindano tu upande huo haupandi, nikaweka mipya. Valvu nimeseti nafasi ya milimita 0.05 za kuingiza na 0.10 za kutoa, injini ikiwa ya baridi kabisa. Plati, zile zinazokatisha umeme ili plagi ipige cheche, nimesafisha na kuseti kila upande peke yake. Tanki lilikuwa na kutu ndani, nililitibu siku nzima kwa asidi ya limau nikalikausha. Wayaringi nimesuka upya waya kwa waya.

Kwenye muonekano pia sikuharibu. Nimeweka hendo fupi ya chini, kiti kimoja kirefu bapa nilichokitengeneza mwenyewe, madigadi ya nyuma fupi, na vyote hivyo vimefungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwepo. Sikukata fremu hata sentimita. Kuna jamaa alishaleta grainda mpaka mlangoni eti tukate mkia tuchomelee duara, nikamwambia hapana, kilichofungwa kwa bolti kesho kinafunguliwa, kilichokatwa kimekatwa. Kumbuka hilo neno maana ndilo linaloniuma sasa hivi.

Sasa silinda. Blok la hii injini ni alumini, ndani lina slivu za chuma, yaani mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Tundu la kiwandani ni milimita 64. Zangu zilikuwa zimelika na zina mikwaruzo ya kutu, kwa hiyo lazima kuchonga, yaani kupanua tundu mpaka ukuta uwe safi na kuweka pistoni kubwa zaidi. Nikanunua seti ya pistoni za 0.50, yaani zilizozidi saizi ya kiwandani kwa nusu milimita. Kitu ambacho watu wengi hawajui, au wanajua wanapuuza: pistoni ikiandikwa 0.50 kichwani haimaanishi ina 64.50 kamili. Ukubwa wake halisi unaupata kwa mikrometa tu, ukipima chini kwenye sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, upande uliopishana na pini inayoishikilia. Nikapima. Moja ilisoma 64.49, nyingine 64.45. Seti moja, boksi moja, tofauti 0.04. Kwa seti zisizo za kiwandani haya yapo, na dawa yake ni rahisi, kila tundu lichongwe kufuata pistoni yake.

Kwa hiyo nikaandika kwa maka pen chini ya kila pistoni, KUSHOTO na KULIA. Nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: kushoto pistoni 64.49, chonga 64.53. Kulia pistoni 64.45, chonga 64.49. Yaani kila pistoni iachiwe nafasi ya 0.04. Nikazifunga pistoni na karatasi kwenye mfuko mmoja wa plastiki, nikaziba na selotepu, ncha ya selotepu nikaikunja ili fundi asihangaike kuitafuta kwa kucha. Nikampelekea mkononi, nikamweleza kwa mdomo, akasema bosi hizo kazi tunafanya kila siku usiwe na wasi.

Siku ya kuchukua nikapewa blok linang'aa kweli, mistari ya kuhoni, ule msasa wa mwisho wa ukuta wa silinda, imepishana vizuri, mtu ukiangalia unafurahi. Na mfuko wangu wa pistoni. Wakuu, ile selotepu ilikuwa na ncha imekunjwa vile vile. Vile vile nilivyoikunja mimi. Niliiona. Nakiri niliiona kwa macho yangu nikajiambia labda ameifungua akaifunga tena, fundi mzima wa miaka mingi hawezi kuchonga bila kupima. Hilo ndilo kosa langu na nalibeba, ila ni kosa la kumwamini mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo.

Kuna dalili nyingine nayo. Nilipopima mwanya wa ringi, lile pengo kati ya ncha zake mbili, ndani ya silinda, kulia ulikuwa mkubwa kuliko kushoto, nikalaumu ringi. Kumbe hesabu iko wazi, kila 0.01 inayoongezeka kwenye tundu inaongeza kama 0.03 kwenye mwanya wa ringi. Ringi ilikuwa inanipigia kelele mimi sisikii. Nawaambia ninyi ili yasiwakute.

Nikafunga. Kabla ya hapo nilisugua blok kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, maana vumbi la kuhoni petroli haliliondoi lote, nikapitisha kitambaa cheupe mpaka kikatoka cheupe. Nikapaka oili. Siku ya kuwasha nikafungua vifuniko vya valvu nikahakikisha oili inafika juu, ilifika. Ikawaka kwa kiki ya tatu. Sauti yake, acha tu, pistoni moja ikipanda nyingine inashuka, ile milio ya kupishana, nilikaa chini sakafuni nikaisikiliza.

Jumamosi nikaitoa. Taratibu, napandisha na kushusha moto kama inavyotakiwa injini mpya, sikuvuta hata mara moja. Kilomita ya 11, niko gia ya tatu, nikasikia inakosa nguvu, kama mtu ameshika nyuma, nikadhani ni petroli, sekunde mbili baadaye tairi la nyuma likashika na kuburuza. Nikabana klachi ndipo ikaachia. Kama kungekuwa na gari nyuma yangu au ningekuwa kwenye kona, huu uzi usingekuwepo.

Nikaisukuma mpaka nyumbani. Nilikaa nayo usiku ule bila kuigusa, kesho yake nikafungua. Pistoni ya kushoto ina michubuko sketi nzima, pande nne, alumini imeyeyuka ikapakwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi. Michubuko ya kuzunguka namna hiyo inasema kitu kimoja, pistoni imevimba ikakosa nafasi. Alumini inavimba kwa joto karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana unaiachia nafasi!! Nikaazima geji ya kupimia tundu, nikapima sehemu ambazo hazijachubuka. Kushoto 64.50. Kulia 64.58.

Someni tena hizo namba. Kushoto kwa pistoni ya 64.49 kaniachia 0.01. Kulia kwa pistoni ya 64.45 kaniachia 0.13, hiyo ni nafasi ya injini iliyochoka miaka, siyo injini iliyochongwa jana. Maana yake aliona 0.50 kwenye boksi, akapiga 64.50 upande mmoja, upande wa pili akapitiliza na kuhoni, akanyamaza, akaufuta vizuri ung'ae, akanipa. Na hii ni injini ambayo kiwanda kiliandika nguvu zake zinafika kwenye mizunguko 10,500 kwa dakika. Unaipa makadirio ya macho?

Nikampigia. Maneno yake ya kwanza: umeivuta sana. Nikamwambia sijavuta. Akasema basi oili yako mbovu. Nikamwambia oili niliiona inafika juu kwa macho yangu, na kulia hakuna hata mchubuko, oili mbovu inachagua upande? Akasema unajua bosi hizi pikipiki za zamani ndivyo zilivyo, vyuma vimechoka. Hapo ndipo nilipotaka kulia kwa hasira. Chuma hakijachoka! Chuma kilikaa miaka zaidi ya 50 kikivumilia silikoni na bisibisi mbovu, kikamshinda yeye kwa siku moja. Nikamuuliza swali moja tu, ulizipima pistoni? Kimya. Nikauliza tena. Akasema nina mteja nitakupigia. Hajapiga. Meseji zangu zinasomwa hazijibiwi.

Mnisaidie kuelewa hili, hivi mtu ana mashine inayoweza kukata sehemu ya mia ya milimita, na mikrometa iko ukutani imening'inia niliiona, kinachomshinda kuishusha ni nini? Kupima pistoni mbili hakumalizi dakika tano. Ningekuwa nimepeleka blok bila pistoni ningemwelewa, angekisia. Lakini nimempa pistoni, nimempa namba, nimempa karatasi, nimemkunjia mpaka ncha ya selotepu.

Na kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba chuma kikishachongwa hakirudi. Hapa sasa sina namna zaidi ya kwenda 0.75, pande zote mbili, nimeruka saizi nzima ambayo ingenipa miaka ya kuendesha. Baada ya hapo inabaki 1.00, kisha ni kung'oa slivu na kuweka nyingine. Mimi niliyekataa kukata fremu kulinda kitu kisichorudishika, nimekatiwa ndani ya injini na mtu ambaye hakuangalia.

Halafu tafadhali, asije mtu hapa kuniambia uza mkweche nunua mpya, au tia injini nyingine. Nimeshayasikia nyumbani, nimeshayasikia kazini. Ningetaka mpya ningenunua mpya. Nataka hii, na injini hii.

Ninachotaka kwa yule fundi nimeshamwandikia: alipe seti ya pistoni na gaskiti, basi. Kuchonga sitampa tena hata bure. Karatasi yangu, mfuko wenye ile selotepu na picha za geji ikisoma nimevihifadhi vyote.

Ninachoomba kwenu, mwenye kufahamu zinapopatikana pistoni za 0.75 za CB350 ambazo zenyewe amezipima, siyo amesoma boksi, aweke hapa namba alizozipata. Na mwenye fundi wa kuchonga ambaye akipewa blok bila pistoni anakataa kuanza kazi mpaka uzilete, huyo namtaka hata awe mbali kiasi gani, blok nitalibeba mwenyewe mapajani. Safari hii naenda na mikrometa yangu na nitasimama pale pale mpaka amalize.